Kobe wa Fundi Vioo

Kama yupo binadamu aliyewahi kuoa kazi yake, akamfanya mke wake wa ndoa kuwa mke wa pili, basi ni fundi vioo wa ghorofa ya nne. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akikata vioo: vya madirisha, vya makabati, vya picha za maharusi, vya meza za wakubwa. Na miaka yote hiyo alikuwa na imani moja tu kuhusu kazi yake, kwamba kioo kizuri ni kile ambacho mtu hakioni. Ndege akijigonga kwenye dirisha alilolitengeneza yeye, watu walimhurumia ndege. Fundi naye alimhurumia, lakini kwanza alitabasamu.

Mtoto wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa anafuga kobe. Kobe mwenyewe aliitwa Haraka. Jina hilo Kitinda alimpa akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka minane iliyofuata fundi alipita kando ya sanduku la kobe yule kama mtu anayepita kando ya jiwe. Hakumchukia, ila hakuwa na la kumwambia. Na tukisema kweli, hata Kitinda hakuwa na mengi ya kumwambia. "Umekula?" "Nimekula, Baba." "Haya." Hapo mazungumzo ya siku nzima yalikuwa yamekwisha.

Kwa hiyo siku ambayo binti alikuwa anafunga begi aende mji wa mbali kumalizia masomo ya uuguzi kwa miezi sita, akachukua karatasi ya maelekezo ya kobe na kumkabidhi baba badala ya mama, fundi alishtuka.

"Haraka nakuachia wewe, Baba."

"Mimi? Na mama yako yupo?"

"Mama ana huruma nyingi, atamlisha mkate. Wewe ukifanya kitu unakifanya sawasawa."

Fundi alikohoa, akasema "Haya," akaenda jikoni kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Tangu azaliwe, mtoto yule hakuwahi kumkabidhi chochote. Furaha ilimjaa hadi akaona aibu, na pale pale jikoni akajiapia kwamba Kitinda akirudi atamkuta kobe wake akiwa na hali nzuri kuliko alivyomwacha.

Karatasi ilikuwa fupi. Majani kila asubuhi. Kuogeshwa mara mbili kwa wiki kwa maji ya vuguvugu. Ile taa ndefu ya tyubu iwashwe asubuhi na kuzimwa jioni, kwa sababu Haraka anakaa ndani, hapati jua, na bila miale ya taa ile mifupa na gamba havikui. Mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa mistari miwili chini: taa isifunikwe na kitu chochote.

Fundi aliisoma mara tatu, akaibandika ukutani. Kisha akaligeukia sanduku lenyewe. Lilikuwa la mbao za kuokoteza, wazi juu, pembe moja imefungwa kwa waya, na taa inaning'inia juu yake kwa kamba za viatu. Kitu kama kile, ndani ya nyumba ya fundi, kilimuuma.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mkewe alimwambia alipomwona anatoa futi ya kupimia. "Mtoto kakiacha hivyo kwa sababu zake."

Lakini nani wa kumzuia? Wiki nzima kila akirudi kutoka karakana alikuja na kipande. Akasimamisha kuta nne za kioo cha milimita nne, kingo zimepigwa msasa mpaka zinateleza, pembe zimeunganishwa kwa silikoni ambayo ungeitafuta kwa tochi usiione. Juu akaweka mfuniko, nao wa kioo, maana vumbi la barabara lilikuwa linapanda hadi ghorofa ya nne na hakutaka litue kwenye taa wala kwenye mgongo wa Haraka. Taa akaifunga juu ya mfuniko, imenyooka vizuri, waya wake umefichwa.

"Umefunika taa," mkewe akasema.

"Nimeifunika na nini?"

"Na kioo."

"Kioo kinafunika nini, mama? Hebu tazama. Mwanga unauona au huuoni?"

Mkewe akainama, akatazama. Mwanga ulikuwa umejaa mle ndani mpaka kwenye kucha za kobe. "Nauona," akakubali.

"Basi. Kitu kikifunikwa hakionekani."

Mama alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na alijua dalili zake za mahaba. Akarudi kwenye redio yake.

Kasri lile likawekwa sebuleni, chini ya dirisha linalotazama mashariki. Dirisha hilo lilikuwa kioo kimoja kizima, hakifunguki, kazi ya fundi mwenyewe, na mawingu yakiridhia jua la asubuhi lilipiga pale kwa saa mbili. Kwa hesabu za fundi, Haraka alikuwa na taa mchana kutwa na jua juu yake. Akawa anamwamkia kila asubuhi kabla ya kumwamkia mtu yeyote.

Habari zikashuka ngazi. Majirani wakapanda kuona. Dada wa ghorofa ya pili, mwenye saluni, alizunguka kasri mara mbili, akasema kwamba siku akifa azikwe mle. Mzee wa ghorofa ya kwanza alisema hata mabalozi hawalali pazuri namna hiyo. Fundi alijua kabisa kwamba wengine walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili awapunguzie bei ya madirisha, lakini mafuta ni mafuta, akayapokea. Ndani ya mwezi mmoja jengo zima likawa linamwita Baba Kobe.

Raha kubwa ilikuwa Jumapili jioni, Kitinda alipopiga simu. Zamani alikuwa anaongea na mama yake, halafu anasema "msalimie Baba." Sasa alikuwa anasema, "Mama, nipe Baba." Wakaanza na Haraka, jinsi anavyotembea kutwa kucha, jinsi anavyochagua majani laini na kuacha mashina. La kasri fundi hakuligusia, alitaka iwe zawadi ya kumshtua. Baada ya Haraka wakawa wanahamia kwingine bila kujua wamefikaje. Kitinda akasimulia sindano ya kwanza aliyomchoma mgonjwa, ambapo aliyefumba macho ni muuguzi. Baba akasimulia mteja aliyeagiza dirisha la duara, kisha akaenda kununua pazia, akarudi kuomba dirisha libadilishwe liwe la mraba. Walicheka dakika ishirini nzima. Mama, jikoni, alikuwa anazima maji ya bomba ili awasikie vizuri.

Katika mwezi wa nne tangu Kitinda aondoke, Haraka aliacha kutembea kutwa. Fundi akasema kobe amezoea nyumba. Kisha Haraka akaanza kubakisha majani, kwanza machache, baadaye nusu. Akitembea hakuinua mwili. Tumbo lilikuwa linaburuzwa chini. Asubuhi moja fundi alimnyanyua kumpeleka kuoga, na kidole gumba chake kikahisi gamba la tumbo likibonyea.

Kidole kile hakikuwa cha mtu wa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na miwili kilikuwa kinakandamiza ule udongo laini wa kushikia vioo kwenye fremu, na kilijua kigumu ni kipi na laini ni kipi. Fundi alimweka Haraka mezani, akavuta pumzi, akabonyeza tena akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Jumapili ile Kitinda aliuliza, "Haraka anaendeleaje?"

"Mzima kabisa," fundi akajibu.

Alipokata simu mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mficha maradhi kifo kitamuumbua," akasema.

"Kesho nampeleka kwa daktari."

Daktari wa mifugo alikuwa jitu la miraba minne lenye buti za mpira. Fundi alisubiri kwenye benchi, kobe mapajani, katikati ya mbwa na mbuzi. Mwenye mbuzi akamuuliza kobe anaumwa nini, fundi akasema bado hajasema. Zamu ilipofika, daktari alimgeuza Haraka taratibu, akamfungua mdomo, akabonyeza hapa na pale.

"Mzee wangu, nisikufiche, mimi ni mtu wa ng'ombe. Kobe chuoni nilisoma ukurasa mmoja, na siku hiyo nilikuwa nasinzia. Lakini hili naliona. Mifupa yake imelainika. Huyu anakosa jua."

Fundi alikasirika waziwazi. "Jua? Anapata jua kuliko mimi na wewe. Ana taa yake mchana kutwa, na ana dirisha la mashariki."

Daktari akakuna kichwa. "Yupo mwalimu mmoja wa sayansi, anafuga mijusi mitatu. Kila akija hapa ni yeye anayenifundisha mimi. Ana kipimo cha miale. Acha nimpigie aje kwako aone."

Mwalimu alikuja kesho yake baada ya vipindi, mwanamke mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi na mkoba mzito kuliko yeye. Alivua viatu mlangoni, akawaamkia, "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," wakamwitikia. Kisha akasimama mbele ya kasri, akalikodolea macho.

"Nani katengeneza?"

"Mimi."

"Sijawahi kuona kioo kisafi namna hii, Baba."

Fundi akavimba kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Mwalimu akatoa mkobani kipimo kidogo, kiasi cha rimoti ya redio, akakiingiza ndani ya kasri na kukishika pale anapolala Haraka, uso wake umeelekea taa. Kikaandika sifuri.

"Betri imekwisha," fundi akasema.

Mwalimu hakubishana. Aliuondoa mfuniko, akakirudisha kipimo pale pale. Tarakimu ikapanda, si sana, lakini ikapanda. Akarudisha mfuniko. Sifuri. Akautoa. Ikapanda.

"Rudia," fundi akasema, na mwalimu akarudia.

"Hicho ni cha milimita nne. Ninacho chembamba." Fundi akaenda stoo kwenye masalia yake, akarudi na kioo cha milimita tatu. Sifuri. Akarudi na cha milimita mbili, cha kuwekea picha, chembamba kiasi kwamba mkewe alikuwa anaogopa kukitazama. Sifuri. Akakipangusa kwa spiriti na gazeti. Sifuri. Akakipangusa kwa shati lake mwenyewe alilovaa, wala hakuomba tena kipimo kirudiwe.

"Kioo chako hakina kosa, Baba," mwalimu akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kurudisha karatasi za mtihani. "Mwanga tunaouona kinaupitisha wote. Ila kobe anahitaji miale ambayo jicho halioni, sisi wafugaji tunaiita UVB. Hiyo ndiyo inayomfanya atengeneze vitamini D, na bila hiyo kalsiamu ya kwenye majani inampita tu. Sasa miale hiyo kioo cha kawaida kinaizuia, kiwe kinene, kiwe chembamba. Hata hicho cha dirishani. Jua analolipata hapa ni joto na mwanga, basi."

Fundi alikaa kwenye kochi. Miaka yote hiyo aliamini anajua kinachopita kwenye kioo na kisichopita. Alivua miwani apanguse macho, akaitazama ile miwani, akairudisha usoni.

"Kwa hiyo nilimfungia gizani," akasema baadaye. "Miezi mitatu na zaidi."

Mwalimu hakukanusha, na fundi alimheshimu kwa hilo. "Lakini umewahi," akasema. "Taya bado gumu, miguu haijapinda. Atapona, ila taratibu." Kisha akachungulia maandishi kwenye ncha ya taa. "Na hii taa ina umri gani?"

"Kitinda aliinunua miaka mitatu iliyopita," mama akajibu.

"Imechoka nayo. Hizi zina ujanja wake. Zinaendelea kuwaka, mtu unaona mwanga ni ule ule, kumbe miale imekwisha ndani. Kila mwaka inabidi ibadilishwe. Hii hata bila kioo inatoa kama robo ya inachotakiwa."

Mwalimu alipoondoka, mama aliketi karibu na mumewe. Alimwonea huruma, na huruma yake ikamwonyesha njia. "Basi mwambie mtoto taa yake ilikuwa imekwisha. Si uongo. Na mwalimu kasema."

Ulikuwa mlango mpana, na fundi aliutazama. Alijiona akisema maneno hayo kwenye simu, akaisikia hata sauti yake ilivyo tulivu. Halafu akatikisa kichwa.

"Taa ilikuwa inampa robo, mama. Mimi nikamnyang'anya na hiyo robo. La taa tusimwambie kabisa, ana mitihani. La kioo nitamwambia mwenyewe akirudi, uso kwa uso."

"Na asipokuachia tena kitu?"

"Atakuwa na haki."

Jumamosi walikwenda na mwalimu dukani kununua taa. Muuza taa aliwatolea kwanza balbu ya zambarau, akaapa kwamba ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na pengine kweli, kwa ukumbi wa muziki. Akaleta ya pili, boksi lake lina picha ya mjusi anayecheka. Mwalimu akaiwasha juu ya kaunta, akaipima: sifuri. Ilikuwa ya joto tu. "Picha ya mjusi haitoi miale," akasema, na muuza taa akataka kujua kile kipimo kinauzwa wapi. Ya tatu ilikuwa tyubu ndefu kwenye boksi lisilo na picha yoyote, na ilipowashwa tarakimu zikapanda hadi fundi akampiga muuza taa begani.

Nyumbani akapima kwa futi mara nne. Mwalimu alikuwa amemwelekeza kwamba taa ya aina ile ikae sentimita thelathini kutoka mgongo wa kobe, maana ikiwa karibu zaidi itamuumiza macho, ikiwa mbali miale inapotea njiani. Wavu nao usiwekwe kati ya taa na kobe, kwa kuwa unapunguza miale. Kasri alilibomoa mwenyewe, mfuniko na kuta, kwani mwalimu alimweleza kwamba Haraka alikuwa hatembei kwa raha mle ndani. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka kwenye ukuta asiouona. Akamtengenezea sanduku la mbao, pana, wazi juu. Kwenye ncha ya taa akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Lakini mwalimu alikuwa ameacha neno jingine, kwamba taa ni taa na jua ni jua, na nusu saa ya jua lenyewe lisilopita kwenye kioo ingemfaa Haraka kuliko chochote. Neno hilo halikumwacha fundi akae. Chini ya jengo kulikuwa na maegesho ya magari, mbwa watatu, na kivuli cha jengo la mbele kutoka asubuhi hadi jioni. Jua la familia yao lilikuwa mahali pamoja tu.

Jumapili asubuhi mama alitoka chumbani na birika mkononi, akamkuta mumewe juu ya kiti, anapitisha kisu kwenye kingo za dirisha la sebuleni.

"Unafanya nini?"

"Natoa kioo."

"Unaweka kipi?"

"Siweki."

Mama alimtazama yeye, akamtazama Haraka, akaweka birika chini na kushika upande wa pili. Kilitoka kizima. Wakakiegemeza ukutani nyuma ya kochi, na upepo ukaingia pamoja na kelele zote za barabarani, na pazia likampiga mama usoni. Jua likatua juu ya Haraka. Kobe alitoa shingo yote, akanyoosha miguu minne kama mtu aliyevua viatu vya kubana, akafumba macho.

Fundi akapachika nondo nyembamba kwa usalama, akatengeneza na ubao wa kufunga mvua ikija. Vicheko vikapanda ngazi zote nne. Fundi vioo, dirisha lake halina kioo! Dada wa saluni akauliza kama biashara imekuwa mbaya kiasi hicho. Mzee wa ghorofa ya kwanza akasema mganga hajigangi. Fundi alimjibu kila mmoja kwa mhadhara wa dakika kumi juu ya UVB, mpaka watu wakaanza kumsalimia wakiwa mbali.

Wiki ya tatu Haraka alimaliza majani yote. Wiki ya tano mama aliingia sebuleni akamkuta mumewe amelala kifudifudi, shavu limegusa sakafu.

"Umeanguka?"

"Lala hapa uone. Ameinua tumbo. Pana upenyo."

Mama alijilaza kwa taabu, magoti yakilalamika, akaweka shavu sakafuni. Haraka alipita mbele ya pua zao akienda kwenye majani, na chini ya tumbo lake mwanga ulikuwa unapita. Wazee wawili walibaki pale chini wakicheka, kwanza kwa sababu ya kobe, kisha kwa sababu hakuna aliyeweza kuinuka.

Kitinda alirudi asubuhi, wiki saba baada ya siku ya kipimo. Fundi alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba nzima, yenye utangulizi. Alipofungua mlango utangulizi ukamtoroka.

"Nilifunika taa kwa kioo," akasema. "Miezi mitatu na zaidi. Gamba likalainika. Na kwenye simu nikakudanganya."

"Shikamoo, Baba," Kitinda akasema.

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu."

"Mwache mtoto aingie kwanza," mama akasema kutoka nyuma.

Kitinda aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwa Haraka. Alimnyanyua, akambonyeza tumbo, akamtazama macho na mdomo kwa mikono ya mtu aliyefuzu. Haraka alipiga hewa teke. Binti akainua uso kwenye taa, akasoma tarehe.

"Hii mpya. Yangu iko wapi?"

"Iliungua," fundi akasema upesi, akijua anadanganya tena, na safari hii bila kujuta.

"Haikuungua, Baba. Ilikuwa imechoka." Kitinda alikuwa anaongea akimtazama kobe. "Wiki tatu zilizopita tulifundishwa taa za hospitali za kuulia vijidudu. Mwalimu wetu wa chuo akasema zinawaka lakini zimekufa, ndiyo maana zinabadilishwa kwa tarehe. Nikatoka darasani nikalia. Nilikuachia taa iliyokufa. Nikashindwa kukwambia, kwa sababu ulikuwa una furaha sana kwenye simu, na mimi sijawahi kuzungumza na wewe namna ile. Nikaogopa utaacha."

Akafungua begi, akatoa kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye sare zake mbili za uuguzi. Ilikuwa taa, ya aina ile ile ambayo fundi na mwalimu waliichagua dukani. Alikuwa ameibeba mapajani njia nzima.

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mmefanana," akasema. "Waoga watupu."

Walicheka hadi Haraka akaingia ndani ya gamba. Taa ya pili ikawekwa juu ya kabati, iwe ya mwakani. Mama akaleta chai, na Kitinda, akizungusha kijiko kwenye kikombe, akatoa habari aliyokuwa ameibakiza. Amepata kazi, hospitali ya mji ule ule. Amepewa na nyumba ndogo, yenye ua.

"Nilikuwa nimepanga nimchukue Haraka," akasema.

Fundi aliweka kikombe chini. Kwa muda hakujua afanye nini na mikono yake. Lakini alikuwa mtu wa kufanya kitu sawasawa. "Mchukue," akasema. "Uani kuna jua mchana kutwa. Ni bora kwake." Na alimaanisha, ingawa ilimuuma. Akasimama, akaenda stoo, akarudi na boksi la kubebea, akaanza kulitoboa matundu ya hewa.

Wakati huo mawingu yakafunguka na jua likaingia sebuleni. Kitinda aligeukia dirisha. Tangu utotoni alikuwa anagombezwa asiguse kioo kile kwa vidole vyenye mafuta, na labda kwa sababu sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi, akanyoosha mkono akiguse. Mkono ukapita. Ukapita katikati ya nondo hadi nje, mpaka kwenye kiwiko, na upepo ukapeperusha mkono wa gauni lake.

"Baba, kioo kiko wapi?"

"Nyuma ya kochi."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya saba."

"Na hii baridi?"

"Tunavaa masweta," mama akasema. "Tumezoea."

Kitinda alikaa vile kwa muda, mkono uko nje juani, anamtazama baba yake aliyeinamia boksi. Kisha akaurudisha mkono, akamfuata, akamtoa boksi mikononi na kulibamiza likawa bapa.

"Anabaki hapa kwako," akasema. "Mimi nitakuwa nakuja kuwaona."

Fundi alilia mbele yao wote wawili na hakuona aibu. Haraka, aliyekuwa ametoa shingo tena, alisogea hatua mbili kulifuata jua.